Bado Msiniite Daktari

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, na walio pale mlangoni nao waitike, maana nawaona mmeshika vikombe vya kahawa kana kwamba ibada imekwisha. Haijakwisha. Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, hamjambo?

Jina langu ni Eliwaza. Nalitaja kwa sababu wengi wenu mmelisahau, na wengine mliokuja karibuni hamjawahi kulisikia. Mimi ni binti wa Mzee Elinami wa mtaa wa Alby, yule anayebaki nyuma kila Jumapili kupanga viti ili wenyeji wa ukumbi huu wasije wakatusema. Mama yangu alilala katika Bwana kule Same nikiwa mdogo, Baba akanileta Sweden, akanilea peke yake. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Na huu ni mwaka wa tatu naomba kuingia chuo cha udaktari.

Ndugu zangu, ushuhuda tuliouzoea hapa unakuja na jibu lake. Mtu husimama akiwa ameshapata: kibali cha kukaa, mtoto, nyumba, kazi. Mimi nimesimama sijapata. Majibu ya chuo yanatoka wiki hii, na sasa hivi ninavyoongea sijui yatasemaje. Nilimwomba Mchungaji anipe nafasi leo, akaniuliza kwa nini nisingoje Jumapili ijayo. Nikamwambia, "Mchungaji, ikiwa ni ndiyo, watu watapiga vigelegele na hakuna atakayesikia neno jingine. Ikiwa ni hapana, hakuna atakayenipa kipaza sauti." Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaniweka kwenye ratiba.

Kwa hiyo nisikilizeni leo, kabla ya majibu.

Hamu ya udaktari niliipata kazini. Nilipokuwa namvalisha bibi mmoja soksi zake asubuhi, mguu ulikuwa mwembamba. Jioni nikirudi kumvua, mguu umevimba. Nilitaka kujua kwa nini. Nilisoma, nikauliza wauguzi, na kila nilichojibiwa kilinifungulia swali jingine. Nikajua hii ndiyo kazi ninayoitaka mpaka uzeeni. Alama zangu za shule ni nzuri, lakini si zile za kuingia kwa mlango wa mbele. Ipo njia nyingine, ndefu zaidi. Unaandika habari za maisha yako, unatuma, unangoja. Wakivutiwa, wanakuita kwenye mahojiano. Unakwenda, unaongea nao, unarudi nyumbani, unangoja tena. Kisha kiangazi, watu wakiwa ziwani wanaogelea, jibu linaingia kwenye simu.

Mwaka wa kwanza nilipotuma maombi, Mchungaji aliniita hapa mbele. Mnakumbuka. Aliniwekea mikono, akasema, "Tangu leo tusimwite Eliwaza. Tumwite Daktari, mpaka macho yaone kile ambacho imani imeshaona." Mliitika amina, ukumbi mzima ukavuma! Mimi nililia kwa furaha. Ni desturi yetu, na ni desturi nzuri, kutamka kwa imani kitu ambacho bado hakijaonekana. Nilijiona nimebebwa na watu wangu wote.

Lakini jina, ndugu zangu, halikai kanisani peke yake. Linakufuata mpaka nyumbani.

Kina mama wa jikoni wakaanza: "Daktari, chai ama kahawa?" Watoto wa Shule ya Jumapili wakawa wananiita kwa Kiswidi, "doktorn", wakikimbia kunionyesha magoti yaliyochubuka. Hayo yalikuwa mambo ya kucheka. Kisha watu wazima nao wakaanza kunivuta pembeni. Mmoja alivua kiatu pale karibu na ngazi anionyeshe ukucha. Mwingine, simtaji, yuko hapa na anajijua, alinitumia picha ya ulimi wa mwanawe. Nikisema, "Nenda kituo cha afya," ananiambia nina unyenyekevu mwingi. Ningefanya nini?

Mwaka ule sikuitwa hata kwenye mahojiano. Kimya kitupu. Mwaka wa pili niliitwa! Nikaenda, nikaongea, nikatoka nikidhani nimefika. Kiangazi nikaambiwa nimewekwa kwenye orodha ya akiba, kwamba mtu akijitoa naweza kuitwa. Nikangoja mtu ajitoe. Masomo yakaanza, majani ya miti yakageuka rangi, hakuna aliyejitoa. Na kila Jumapili nikifika hapa, kabla sijavua koti: "Daktari, wamejibu?"

Nilikuwa na neno moja tu la kuwajibu. Bado.

Nanyi kwa upendo mliniambia, subira yavuta heri. Niliipokea methali hiyo kila wiki pamoja na biskuti ya kahawa. Hakuna hata mmoja aliyenikumbusha ile nyingine, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Na tumbo liliniuma kweli. Nilikwenda kupimwa, wakaniambia sina ugonjwa.

Nataka muelewe kifungo kilivyokuwa. Niko kwa mzee fulani, namsugua mgongo, simu inatetemeka mfukoni. Nafuta mikono haraka, naitazama. Ni tangazo la viatu. Mzee ananiuliza kama kuna msiba. Tukimaliza ibada nilikuwa nakwepa treni pale kituo cha Skärholmen, napanda basi la kuzunguka, ili nisikae behewa moja na watu wa kanisani. Nilifika hapa nikiwa nimechelewa makusudi, na wimbo wa mwisho ulinikuta nimeshavaa koti.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Baba alikuwa amemwambia shangazi yangu kule Same, na shangazi akauambia ukoo wote. Wenzake Baba kazini, kwenye ghala kule Jordbro, nao walijua kwamba Elinami ana binti daktari. Kila akirudi alikuwa na salamu zao. Nikiwa na hasira huwa namjibu Baba kwa Kiswidi. Msimu ule wa baridi niliongea Kiswidi karibu kila siku, na Baba akawa anakula chakula chake huku akitazama sahani.

Na maombi yangu, ndugu zangu? Yalikauka! Nilipiga magoti kuomba jambo moja tu, na nikimaliza jambo hilo sina la kumwambia Mungu. Sikumshukuru kwa mkate. Sikumwombea mgonjwa. Nilidhani Mungu anakaa ndani ya ule ujumbe wa chuo: ukifika, yupo, usipofika, hayupo. Nilikuwa muumini wa simu. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Mama Furaha mnamjua. Yuko pale karibu na dirisha, amevaa kitenge cha kijani. Ni mama yetu kutoka Bukavu, anaishi peke yake kwenye jengo linalotazamana na letu kule Alby, watoto wake wako nchi za mbali. Tangu siku ile ya kuwekewa mikono, hakuna Jumapili aliyokosa kunishika mkono na kuniambia, "Docteur wangu, Mungu hasinzii." Wengine mlipochoka kuuliza, yeye hakuuliza hata mara moja. Alinishika mkono tu.

Ilikuwa majira ya kuchipua mwaka huu, theluji imeisha lakini upepo bado una meno. Nilikuwa nangoja kama nitaitwa kwenye mahojiano. Nimemaliza zamu mchana, natembea kwenda nyumbani, simu ikalia. Nikairukia, nikidhani ni wao. Alikuwa Mama Furaha.

"Docteur, ukitoka ku kazi upite kwangu. Kuko kitu kizito hapa mu kifua."

"Pole, Mama. Tangu lini?"

"Tangu asubui, mbele ninywe chai."

Tangu asubuhi! Ndugu zangu, nilikimbia. Nilikimbia nikiwa na sare ya kazi na mkoba ukinipiga mgongoni. Nilikuta mlango haujafungwa. Mama alikuwa ameketi sebuleni, amevaa nguo zake za Jumapili, jasho linamtiririka na dirisha liko wazi. Mkono wa kulia ulikuwa umeushika wa kushoto. Mezani alikuwa ameandaa vikombe viwili, chake na changu.

Nikapiga 112 kuita ambulansi. Akasikia naongea Kiswidi, akajua, akanyoosha mkono kunizuia. "Usiwaite," akasema kwa shida. "Docteur wetu umeshafika."

Maneno yale yalinichoma. Mimi nilikuwa nimefika na nini? Sina dawa, sina kipimo, sina elimu. Nilikuwa na simu na mikono miwili. Nikamshika, nikaongea naye, nikahesabu mapigo ya moyo wake kama tulivyofundishwa kazini, mpaka nikasikia viatu vya watu wa ambulansi kwenye ngazi.

Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Walianza kazi mara moja. Yule mwanamke akauliza maswali, na Mama Furaha, ambaye Kiswidi chake ni cha salamu, akawa ananionyesha mimi kwa kidole. "Docteur," akasema. "Docteur." Mwanamke yule akanigeukia, akaniangalia kwa heshima, akaniuliza, "Wewe ni daktari wake?"

Hakuwa anatania. Alitaka kujua kwa sababu angefuata nitakachosema. Na mbele yangu kulikuwa na roho ya mtu.

"Nej," nikasema. Hapana. "Mimi si daktari. Ni jirani yake. Naitwa Eliwaza. Maumivu yameanza asubuhi."

Ndugu zangu, hapo ndipo kamba ilipokatika! Sikuona nuru, sikusikia sauti kutoka juu. Nilimwona mwanamke wa ambulansi akiitikia kwa kichwa, akasema ahsante, akaendelea na kazi yake. Basi. Lile neno nililoliogopa kwa miaka, nililolikimbia kwa basi la kuzunguka, nililitamka sebuleni kwa Mama Furaha na hakuna kilichoanguka. Badala yake nilivuta pumzi, ikaingia mpaka chini kabisa, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho pumzi yangu ilifika kule.

Hospitalini walikuta mshipa wa moyo umeziba. Wakauzibua. Daktari, daktari wa kweli, alitoka akatuambia Mama atapona, lakini amechelewa sana kuja, na mara nyingine asingoje. Baba alikuja moja kwa moja kutoka Jordbro akiwa na koti lake la kazi lile linalong'aa. Tuliketi kwenye viti vya korido, tukaomba. Niligundua katikati ya maombi kwamba sijataja chuo. Nilikuwa nalia kwa ajili ya mtu mwingine, na Mungu alikuwa karibu nami pale kwenye korido, karibu kama alivyokuwa Baba.

Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka niliingiza mkono mfukoni kutafuta funguo, nikaikuta simu. Chuo kilikuwa kimeniandikia. Nimeitwa kwenye mahojiano. Ujumbe ulikuwa umeingia tangu mchana, na mimi, niliyekuwa nikishtushwa na matangazo ya viatu, sikuwa nimesikia chochote.

Msipige makofi. Ahsanteni, lakini ngojeni. Mwaka jana pia niliitwa, na mnajua tulipoishia. Muujiza wa siku ile ulikuwa umelala wodini.

Siku chache baadaye nilikwenda kumtazama. Ameketi kitandani, anailalamikia supu ya hospitali kwamba haina chumvi, nikajua amepona. Nikavuta kiti. Nikamwuliza kwa upole, "Mama, ulikuwa unajua kwamba mimi si daktari?"

"Nilijua, mutoto yangu. Mimi si mujinga."

"Sasa mbona uliningoja mimi?"

Akanyoosha shuka. "Pasta alitamka," akasema. "Na sisi wote tukaitika amina. Nikawaza, kama nikimbilie docteur mwingine, ni kusema ile amina yangu ilikuwa ya uongo. Kisha Mungu atakunyima masomo juu yangu mimi. Nikasema, acha ningoje wa kwetu."

Ndugu zangu.

Mama huyu alikaa na maumivu yale tangu asubuhi, peke yake, amevaa nguo za Jumapili, ili imani yake isinivunjie njia. Alikuwa tayari kufa ili amina yake iwe kweli. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu ninayengoja. Kumbe na yeye alikuwa ananingoja mimi, na kungoja kwake kulikuwa na kifo ndani yake. Nililaza kichwa kwenye kitanda chake, nikalia kama mtoto, naye akanipapasa nywele na kuniuliza kama nimekula.

Baba alikuja kunichukua, na tukiwa kwenye basi nilimwambia kwa Kiswahili, "Baba, sitaki kuitwa Daktari tena. Mpaka nitakapokuwa."

Akauliza, "Na shangazi yako tumwambieje?"

"Mwambie nangoja."

"Nangoja tu?"

"Nangoja tu, Baba."

Asubuhi yake nilikuwa chumbani nikamsikia anaongea na Same. Shangazi alipiga kelele mpaka mimi nikamsikia huku nilipo. Baba akaiweka simu mbali na sikio, akangoja amalize, akarudia maneno yale yale: anangoja. Akakata simu. Kisha nikamsikia anaita kutoka jikoni, "Eliwaza! Chai iko tayari."

Baba hakuwa ameniita jina hilo tangu siku ya kuwekewa mikono. Ndilo jina alilonipa yeye na mama yangu. Nilikunywa chai ile nikiwa nalia, naye akawa anajifanya haoni, ananisogezea sukari ingawa anajua situmii sukari.

Kwenye mahojiano nilikwenda. Maswali yao siruhusiwi kuyasema. Naweza kusema kwamba usiku wa kuamkia siku ile nililala, na kwamba nilipoulizwa jambo nisilolijua nilijibu silijui. Mwaka jana nilikwenda pale kama Daktari aliyetabiriwa, nikaogopa kukosea. Mwaka huu alikwenda Eliwaza anayevalisha wazee soksi. Sijui walimpenda yupi.

Mchungaji, sikulaumu. Ulitamka kwa upendo, na mimi nilikubali jina lile kwa mikono miwili. Wala sisemi tuache kutamka kwa imani. Nasema imani yetu isimfanye mtu avumilie maumivu tangu asubuhi. Mungu aliyesikia amina yetu ndiye aliyewaleta wale wawili na begi lao wakapanda ngazi za Alby. Mama Furaha alipofunguliwa mshipa na wageni, amina yake haikupungua hata chembe!

Namshukuru Mungu aliyemrudisha Mama Furaha kwenye kiti chake pale dirishani. Namshukuru kwa Baba. Namshukuru kwa neno moja la Kiswidi. Namshukuru kwa sababu niliweza kula jana na juzi, na kwa sababu leo nimekuja mapema, na nikitoka hapa nitapanda treni moja nanyi.

Nawe ndugu yangu unayengoja. Najua mko wengi, nawaona. Unayengoja kibali cha kukaa. Unayengoja majibu ya vipimo. Dada yangu unayengoja mtoto, na kila mtu anakuita Mama Fulani kwa imani, nawe unatabasamu na moyo unavuja damu. Usimngoje Mungu ndani ya jibu. Hakai mle! Yuko jikoni kwako asubuhi hii, kabla ya barua, kabla ya simu. Mtumaini leo, ukiwa mikono mitupu, kwa sababu siku ya kujibiwa utashindwa kujua kama unampenda yeye au unalipenda jibu. Njoo kama ulivyo, kwa jina lako lile ulilopewa na wazazi wako. Analijua.

Wiki hii nitaufungua ule ujumbe. Sitawaficha kwamba nautaka, naomba mniombee, nautaka kwa moyo wangu wote. Ukisema ndiyo, nitasoma miaka mingi kabla jina lile halijawa haki yangu. Ukisema hapana, kesho yake kuna bibi anangoja soksi zake, na nitakwenda. Kwa vyovyote Jumapili ijayo nitakuwa hapa, na wimbo wa mwisho nitauimba mpaka mwisho. Mkinikuta mlangoni, niulizeni habari za nyumbani.

Mama Furaha, leo tunarudi pamoja. Na ukisikia tena kitu kizito kifuani, Mama yangu, hata kama ni katikati ya mahubiri, piga 112 kwanza. Ukishawaita, ndipo unipigie mimi. Niite Eliwaza. Nitaitika.

Amina.